Boila la kuni, umeme au pampu ya joto: kipi kinafaa kiwanda cha Kigoma na Tabora?

Kabla hujauliza bei ya mtambo wowote wa joto, chukua kipimajoto uzunguke kiwandani. Pima pale kazi inapofanyika: ndani ya sufuria la sabuni, kwenye ukuta wa tangi la asali, kwenye maji ya kuoshea makopo ya maziwa, ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku. Usipime kwenye boila. Boila litakuonyesha mvuke wa nyuzi 150 au zaidi, na ukiifuata namba hiyo utanunua mtambo wa bei mbaya kwa kazi isiyouhitaji. Ukipima kwenye kazi yenyewe, mara nyingi utakuta nyuzi 45, 60, 75, labda 90. Viwanda vingi vya mikoa hii miwili vinatengeneza mvuke ili mwisho wa siku vipate maji ya moto.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu siku hizi pampu za joto za nyuzi za juu zinatangazwa sana, na wenye viwanda vidogo wameanza kuuliza kama wazinunue wauze maboila yao. Jibu langu ni kwamba wengi wao wanafaa kununua pampu ya joto, ila siyo hiyo ya nyuzi za juu. Wachache wanaohitaji nyuzi za juu kwelikweli, hasa wenye mawese, wana kuni za bure mlangoni na hawana sababu ya kuziacha. Kuna walio katikati, na hao ndio wa kupiga hesabu vizuri.

Mtambo wenyewe

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa kazi. Kompresa inabana gesi, gesi inapata moto, inautema upande mmoja, kisha inapanuliwa, inapoa, na kwenda kukusanya joto upande wa pili. Friji inataka ule upande wa baridi na kuutupa ule wa moto nyuma ya kabati. Pampu ya joto inautaka wa moto. Kwa kuwa umeme hautumiki kuzalisha joto bali kulihamisha, yuniti moja ya umeme huweza kuleta yuniti mbili, tatu, hata nne za joto.

Ngapi hasa? Inategemea umbali kati ya pale unapochota joto na pale unapolipeleka. Iko hesabu ya mkono ambayo muuzaji hawezi kukuficha. Chukua nyuzi unazotaka, jumlisha 273, gawanya kwa tofauti kati ya moto na chanzo, halafu chukua nusu ya jibu. Nusu kwa sababu mtambo halisi hufikia karibu nusu tu ya kiwango cha juu ambacho sheria za fizikia zinaruhusu. Ukichota kwenye hewa au maji ya nyuzi 30 ukapeleka nyuzi 80: 353 gawanya kwa 50 ni 7, nusu yake 3.5. Ukichota nyuzi 25 ukataka 120: 393 kwa 95 ni 4.1, nusu ni 2 na kidogo. Ukitaka 150 kutoka nyuzi hizohizo 25, unabaki na 1.7. Muuzaji akikuahidi 4 kwa nyuzi 120 kutoka hewa ya Tabora, mwulize anachota wapi. Huenda brosha lake limeandikwa kwa kiwanda chenye maji taka ya nyuzi 70, na wewe huna maji hayo.

Wataalamu huita pampu ya nyuzi za juu ile inayotoa zaidi ya nyuzi 100, na mitambo ya namna hiyo ipo kweli sokoni. Kobe Steel ya Japani inatengeneza ya kutoa mvuke mpaka nyuzi 165. Austria, kiwanda cha wanga cha AGRANA kule Pischelsdorf na kiwanda cha matofali cha Wienerberger kule Uttendorf vilijaribiwa pampu za kukaushia katika mradi wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2016, na ile ya wanga ilifika mpaka nyuzi 160. Ila angalia kilichowasaidia: viwanda hivyo vilikuwa na hewa au maji ya moto yaliyokuwa yakitupwa, na pampu ikaanzia hapo. Haikuanzia kwenye hewa ya nje.

Gesi inayozunguka ndani ya pampu nayo ni habari. R134a, ambayo fundi friji yeyote wa Tabora mjini anaijua, inakufikisha karibu nyuzi 75 hadi 80. Juu ya hapo unaingia kwenye gesi kama R1233zd(E) na R1336mzz(Z), au butani na pentani ambazo zinashika moto, au amonia ambayo inajulikana kwenye viwanda vya barafu na samaki lakini haitaki mchezo na mapafu ya watu. Mtungi wa R1336mzz(Z) hutaupata dukani Kigoma. Na usisahau kwamba hata gesi za zamani zinapunguzwa: makubaliano yaliyofikiwa hapo jirani Kigali mwaka 2016 yanazibana gesi za jamii ya R134a hatua kwa hatua. Ukinunua leo mtambo wa miaka 15, uliza utajazwa na nini mwaka wa 10.

Bei ya yuniti moja ya joto

Hapa ndipo watu wanapotofautiana, kwa hiyo nitaweka hesabu wazi ili kila mtu abadilishe bei zake. Kwa umeme nimetumia Sh 292 kwa yuniti, bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida iliyopangwa 2016, kabla ya VAT na tozo. Bei za kuni, dizeli na gesi ni za mfano tu. Weka unazolipa wewe. Yuniti ni kilowati-saa, iwe ya umeme au ya joto.

| Chanzo | Bei ya mfano | Joto linalofika kwenye kazi | Yuniti moja ya joto |
|---|---|---|---|
| Kuni kavu | Sh 100 kwa kilo | yuniti 2.6 kwa kilo | Sh 38 |
| Kuni mbichi | Sh 100 kwa kilo | yuniti 1.4 kwa kilo | Sh 71 |
| Pampu ya joto, nyuzi 30 kwenda 80 | Sh 292 | yuniti 3.5 kwa moja | Sh 83 |
| Pampu ya joto, nyuzi 25 kwenda 120 | Sh 292 | yuniti 2.1 kwa moja | Sh 139 |
| Boila la umeme | Sh 292 | yuniti 0.98 kwa moja | Sh 298 |
| Gesi ya mitungi | Sh 3,800 kwa kilo | yuniti 11.2 kwa kilo | Sh 339 |
| Dizeli | Sh 3,000 kwa lita | yuniti 8.5 kwa lita | Sh 353 |

Anayechoma dizeli au gesi ya mitungi kwa kazi ya chini ya nyuzi 90 anatupa fedha, na huyo simshauri asubiri. Boila la umeme ni rahisi kununua, ni dogo, halina moshi, na linakula kama dizeli. Nalikubali kwa kazi moja: saa chache za dharura, au kumalizia nyuzi kumi za mwisho ambazo pampu inazifikia kwa shida.

Kuni ndizo zenye ubishi. Tazama mistari miwili ya kwanza. Kuni ni zilezile, bei ileile, lakini mbichi zinagharimu karibu mara mbili. Kilo ya mti uliokatwa juzi ina maji karibu nusu, na moto wako unafanya kazi ya kuyachemsha hayo maji kwanza kabla haujagusa maji yako. Boila lenyewe nalo linachoka: moshi mwingi, masizi kwenye mabomba, ufanisi unashuka kutoka asilimia 65 hadi 55 au chini ya hapo. Mwenye kiwanda anayepokea Fuso la magogo mabichi leo na kuyatia motoni kesho hana kuni za bei rahisi. Banda la kukaushia kuni lenye paa la bati na hewa inayopita, pamoja na subira ya miezi sita, ndiyo mashine ya bei ndogo kuliko zote ninazozizungumzia hapa, na haiuzwi na mtu yeyote, ndiyo maana haitangazwi.

Kwa bei hizi, pampu ya nyuzi 80 inakutana na kuni kavu zikifika kama Sh 215 kwa kilo, na inakutana na kuni mbichi kwenye Sh 115. Pampu ya nyuzi 120 inasubiri kuni kavu zifike Sh 360. Ukishajua bei yako halisi, yaani pamoja na kibali cha wakala wa misitu, TFS, ushuru, usafiri, mpasuaji na mchochea moto wa zamu ya usiku, utajua uko upande gani wa mstari. Wengi huhesabu bei ya lori peke yake.

Umeme nao si mmoja

Kwa Kigoma mazungumzo haya yasingekuwa na maana miaka michache nyuma. Ni kuanzia 2022 gridi ya taifa ilipoanza kuingia mkoani. Kabla ya hapo Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta hutoa yuniti 3 na kidogo za umeme. Zipitishe kwenye pampu ya joto, unapata yuniti kama 10 za joto. Lita ileile ukiichoma moja kwa moja kwenye boila unapata 8.5. Mtambo wote wa gharama ungekuwa umenunuliwa ili kuambulia yuniti moja na nusu. Umeme wa maji ndio uliobadilisha hesabu: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na kwenye maporomoko ya Igamba, Mto Malagarasi, kuna mradi wa megawati 49.5 wa kwetu wenyewe.

Ila umeme kuwepo gridini na umeme kutokatika kwako ni mambo mawili. Uzuri wa joto ni kwamba linawekwa akiba kwa bei ndogo. Tangi la lita 1,000 lililovikwa vizuri, likipandishwa kutoka nyuzi 60 hadi 85, linashika yuniti 29 za joto. Betri ya kiasi hicho usiulize bei. Kwa hiyo ukinunua pampu ya joto, tangi si nyongeza, ni sehemu ya mtambo. Umeme ukikatika saa mbili, maji bado yapo.

Halafu kuna ankara. Kwa bei hizohizo za 2016, ukivuka yuniti 7,500 kwa mwezi unahamia kundi la T2, ambako yuniti inashuka hadi Sh 195 lakini unalipia pia kilele cha matumizi: Sh 15,004 kwa mwezi kwa kila kVA, kipimo cha umeme mwingi zaidi unaouvuta kwa wakati mmoja. Kilele hicho kinahesabika hata kama kompresa yako iliunguruma siku moja tu. Kiwanda kinachofanya kazi mwezi mzima kinafaidika na T2. Kile kinachowaka wiki moja na kulala wiki tatu kinaumia, na hapo boila la kuni, ambalo halilipiwi likiwa limezimwa, linashinda bila jasho.

Kazi kwa kazi

Maziwa ndiyo kazi ninayoipendelea kwa pampu ya joto, na sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Zunguka nyuma ya kiwanda kidogo cha maziwa mjini Tabora mchana. Pale ukutani kuna kondensa ya mashine ya kupozea maziwa, feni zake zinapuliza hewa ya moto mpaka rangi ya ukuta imebadilika na nyasi zilizo mbele yake zimekauka. Hatua ishirini kutoka hapo, kijana anapasua kuni za kupasha maji ya kuoshea matangi. Joto linatupwa upande mmoja na kununuliwa upande wa pili, ndani ya uzio mmoja.

Weka namba. Kupoza lita 2,000 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi 4 ni kutoa karibu yuniti 69 za joto. Ukijumlisha umeme wa kompresa, kondensa inatupa nje kama yuniti 92 kila siku, sawa na kilo 35 za kuni kavu. Joto hilo linatoka likiwa na nyuzi 35 hadi 40, halitoshi kupasteuri maziwa, yaani kuua vijidudu, kwa nyuzi 72 wala kuosha mabomba. Lakini pampu ndogo inayoanzia hapo na kupandisha hadi 80 ina kazi nyepesi, karibu 4 kwa moja. Ukitia yuniti 31 za umeme unapata 123 za joto, zinazotosha kupandisha lita 2,000 za maji kwa nyuzi 50. Hapa huhitaji mtambo wa Japani. Ni R134a, fundi wa hapahapa, na mabamba ya kubadilishana joto.

Asali ni fupi. Asali ya Tabora iliyoganda kwenye pipa inataka nyuzi 40 hadi 45 na muda, na ukizidisha unaharibu rangi, harufu na vipimo vya soko la nje. Boila la mvuke kwenye asali ni hatari zaidi ya faida. Paneli za jua za maji ya moto zinatosha siku nyingi, na pampu ndogo isimame nyuma yake kwa siku za mawingu.

Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto ndani ya bani, ya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, inataka maneno mengi zaidi kwa sababu ndiko miti inakoisha. Ndani ya bani, jani linaanza kwenye nyuzi 35 hadi 38 likipata rangi ya njano, linapandishwa polepole mpaka 50 na kitu, na mwisho mshipa mkuu unakaushwa kwenye nyuzi 70 na kidogo. Siku tano hadi saba, usiku na mchana. Kwa nyuzi, hii ni kazi ya pampu ya kawaida kabisa, na Wachina wanaitumia kwenye mabani yao. Ina faida nyingine ambayo moto hauna: hewa yenye unyevu inayotoka kwenye jani bado imebeba joto lote lililotumika kukausha, na pampu inaweza kulinyang'anya kabla haijaitoa nje. Kilo moja ya tumbaku kavu imeachia kilo 5 hadi 6 za maji, na kila kilo ya maji inakula yuniti 0.65 hivi za joto. Bani la kuni linaziachia zote nje.

Sasa kwa nini sisemi kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikanunue? Kwanza, umeme unaofika vijijini mara nyingi ni wa fezi moja, na bani la pampu linataka fezi tatu. Pili, bani linafanya kazi kati ya Januari na Aprili. Miezi mingine minane mtambo umekaa na panya. Tatu, umeme ukikatika usiku wa siku ya nne, jani likiwa katikati ya kubadilika, mkulima anapoteza daraja la bani zima, na hakuna tangi la maji litakalomwokoa kwa urahisi kama lingemwokoa mwenye maziwa. Jua nalo halisaidii, kwa kuwa msimu wa kukausha ndio msimu wa mvua. Kwa mkulima mmoja mmoja, fedha hizo ziende kwenye bani lililoboreshwa: tanuri lililofungwa vizuri, mabomba yasiyovuja, kuta zilizosilibwa, kuni zilizokauka, na miti ya kupanda. Kwa kituo cha pamoja kilicho kando ya njia kubwa ya umeme, chenye mabani kumi au ishirini, na kinachoweza kukausha muhogo, pilipili au uyoga tumbaku ikiisha, hapo nitakaa nanyi tupige hesabu.

Mawese ni kinyume chake. Mikungu ya chikichi kwenye kinu cha kisasa inapikwa kwa mvuke wa karibu nyuzi 140, zaidi ya saa moja, ili tunda liachie na vimeng'enya vinavyoharibu mafuta vife. Hii sasa ndiyo kazi ya nyuzi za juu, ile ambayo brosha za pampu zinaisema. Na hapa ndipo ninapokataa. Kinu hichohicho kinatema makapi ya nyuzinyuzi na maganda ya kokwa yaliyobaki baada ya kutoa mise, yaani kiini cha ndani, na vyote vinawaka vizuri. Vinu vikubwa duniani vinajiendesha kwa mabaki hayo na mara nyingine kubaki na ziada ya umeme. Kununua pampu ya kufika nyuzi 140 kwa ufanisi wa 1.8, na gesi ambayo lazima iagizwe nje, huku kichuguu cha makapi kinaoza uani, hakuna mhasibu atakayekubali. Kadiri miche ya Tenera, chikichi chotara chenye mafuta mengi, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga inavyoanza kuzaa Kigoma, makapi yatazidi kuwa mengi. Nunua boila zuri la kuchoma mabaki, waite OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, walikague, na mfunze mtu wa kuliangalia.

Sabuni, ambayo kwa Kigoma ni ndugu wa mawese, inapikwa nyuzi 80 hadi 100. Ikiwa iko jirani na kinu, chukua mvuke wa kinu. Ikiwa iko mjini peke yake na inatumia gesi ya mitungi, pampu ya maji ya nyuzi 85 pamoja na hita ya umeme ya kumalizia itakulipa haraka.

Dagaa na migebuka wanataka hewa kavu ya nyuzi 40 hadi 50. Jua la Kibirizi na Katonga linafanya kazi hiyo bure kwenye vichanja, na shida inakuja mvua ikinyesha na samaki wakaoza. Kikaushio chenye pampu ya joto, kinachokausha hewa badala ya kuipasha tu, ni kizuri sana kwa siku hizo. Lakini hesabu siku. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ondoa miezi hiyo, ondoa usiku wa mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi vizuri, ondoa siku za jua kali. Zinazobaki ni chache kwa mtambo unaouzwa kwa dola.

Ziwa lenyewe, kwa upande mwingine, ni chanzo kizuri cha joto: maji ya juu yanakaa karibu nyuzi 25 hadi 27 mwaka mzima, usiku na mchana. Tahadhari moja tu. Maji ya Tanganyika yana alikali nyingi, pH inakaribia 9, na yanaacha ukoko mweupe kwenye bomba lolote la moto. Unaweza kuyatumia upande wa baridi wa pampu. Upande wa moto weka maji yaliyotibiwa yanayozunguka ndani kwa ndani.

Chumvi ya Uvinza nimeibakiza mwisho kwa sababu ina hadithi. Maji ya chumvi yanayotoka pale karibu na Malagarasi na Ruchugi yamechemshwa kwa kuni karne nyingi, kabla reli haijafika. Wakati huohuo wa kuni, Ulaya nayo ilikuwa inachemsha chumvi kwa kuni na misitu ikawaishia. Miaka ya 1850 mhandisi Peter von Rittinger alijenga Ebensee, Austria, mtambo uliobana mvuke uliotoka kwenye maji ya chumvi na kuurudisha kuchemsha maji yaleyale, kompresa ikizungushwa na nguvu ya maji. Ulimsumbua kwa ukoko. Mwaka 1877 kiwanda cha chumvi cha Bex, Uswisi, kikafunga mtambo wa Antoine-Paul Piccard uliofanya kazi kweli. Kwa hiyo pampu ya joto ya kiwandani ilizaliwa kwenye chumvi, kwa sababu ya uhaba wa kuni.

Je, Uvinza irudie hayo? Kwa chumvi ya kawaida, hapana. Mabwawa ya jua hayana ankara. Kwa chumvi laini ya mezani ya kiwango cha juu na kwa tani nyingi, kubana mvuke kunashinda pampu nyingine zote, kwa kuwa nyuzi zinazopandishwa ni chache. Maji yaliyoshiba chumvi huchemka karibu nyuzi 109 badala ya 100, kwa hiyo kompresa inapigana na hizo tisa za ziada kabla haijaanza kazi yako. Bado hesabu inakubali, mradi mtambo uende saa 24.

Saa za kazi ndizo zinazolipa

Pampu ya joto ya kiwandani inauzwa kwa mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja ya yuro kwa kila kilowati ya joto, na zile za nyuzi za juu ziko upande wa juu. Boila la kuni ni sehemu ndogo ya hiyo. Kinachorudisha tofauti ni saa. Pampu ya kilowati 50 ikichukua nafasi ya dizeli, kwa bei za jedwali, inaokoa kama Sh 270 kwa yuniti. Ikifanya kazi saa 3,000 kwa mwaka, hiyo ni milioni 40. Ikifanya saa 600, ni milioni 8, na mkopo wa benki hautasubiri. Ikichukua nafasi ya kuni kavu za Sh 100, inakupotezea fedha kila saa, hata kama inakupendezesha mbele ya wageni.

Wa hospitali wanaouliza: vifaa vya upasuaji vinasafishwa kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134, na kiasi chake ni kidogo. Acheni otoklevu, mashine inayofanya kazi hiyo, iende na umeme wake. Pampu iwekwe kwenye maji ya kufulia na kuogea, ambako ndiko ankara iliko.

Ukifika kwa muuzaji, mpe nyuzi mbili: za chanzo na za kazi, siyo za boila. Mtake aandike kwenye mkataba ufanisi kwa nyuzi hizo mbili, siyo ule wa brosha. Mwulize gesi gani, kiasi gani, na mtungi wa akiba utakaa wapi. Mwulize kama kompresa ina inveta ya kuiwasha polepole, kwa sababu voltiji za mwisho wa laini zinajulikana. Na mwulize ikigoma Jumatatu, fundi anatoka mji gani na anafika lini. Akikujibu kwamba fundi anatoka Nairobi au Dar es Salaam, usilikate boila la zamani kuwa chuma chakavu. Lipake rangi, litie maji, liache mahali pake.